Wino Juu ya Penseli

Kopo la biskuti lilikuwa limefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na yule bibi hakutaka nilifungue mimi. Alilifungua mwenyewe, vidole vikimtetemeka, huku mwanawe amesimama nyuma yake akikagua dari ya chumba changu. Mwanawe ni fundi wa lifti; kila anapoingia mahali huangalia juu kwanza.

“Osha mikono,” bibi aliniambia.

“Nimeshaosha, bibi.”

“Osha tena nikuone.”

“Mama, huyu ndiye daktari mwenyewe,” mwanawe akasema.

“Daktari gani hana hata sindano?”

Nikaenda kwenye sinki nikaosha. Alichodai kilikuwa sahihi, kwa hiyo sikuwa na la kubishana.

Kazi yangu ni kukarabati karatasi katika idara ya kuhifadhi nyaraka. Wenzangu huniita Daktari kwa sababu ya koti jeupe, na wageni hulipa jina hilo uzito lisioustahili. Chumba kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na kina meza moja kubwa, taa mbili za kuinamisha, sinki, na kabati la vibano na brashi. Watu wakishuka huku na kitu mkononi, kwa kawaida wameshachelewa.

Ndani ya kopo mlikuwa na vipande kumi na tisa vya karatasi ya mfuko wa saruji.

Habari zake, kama nilivyozipata kwa wawili hawa na kuzilinganisha baadaye na orodha za jeshi, ni fupi. Mume wa bibi alikuwa askari wa kawaida. Alitekwa mwaka wa pili wa vita, akapelekwa kwenye kambi ya mateka waliokuwa wakijenga daraja, akabeba saruji mpaka vita vilipokwisha. Mfuko wa saruji una tabaka kadhaa za karatasi, na ile ya katikati haishiki vumbi. Alikuwa akiichana vipande vya ukubwa wa kiganja, akiviandika kwa penseli na kuvificha kwenye pindo la suruali. Alirudi navyo nyumbani. Aliishi miaka minne zaidi, kisha kifua kikamuua, mtoto wao akiwa na miaka mitatu. Katika miaka hiyo minne hakumsomea mtu hata mstari mmoja. Bibi alivikuta vipande hivyo baada ya mazishi.

“Nataka zikae hapa,” alisema. “Kwa jina lake. Zote. Macho yangu yanakwisha, na mikono si unaiona. Nikifa, huyu atazitupa.”

“Sitazitupa, mama.”

“Utaziweka juu ya friji. Ni yale yale.”

Kisha akatenga kipande kimoja, akakisogeza kwangu kwa ncha ya kidole. Kilikuwa kidogo kuliko vyote na kilikuwa kimelegea kama kitambaa.

“Hasa hii. Nyingine hata ukiziweka chini, sawa. Hii iwekwe juu.”

Niliisoma bila kuigusa. *Mke wangu, koti langu la kijivu usiliuze. Nitalivaa nikirudi. Usiku nasikia mtu akikohoa nadhani ni wewe, kumbe ni jirani.*

Maandishi ya vipande vyote yalikuwa ya wino: bluu kwa sehemu kubwa, nyeusi mahali pengine, na hapa na pale kijani.

“Umesema aliandika kwa penseli,” nilimwambia. “Wino wa kijani mateka aliupata wapi?”

“Wino ni wangu,” bibi alisema. “Penseli ipo chini.”

Kila mwaka, siku ile ambayo mumewe alirudi kutoka vitani, bibi alifunga madirisha ili upepo usiingie, akaipangusa meza, akavipanga vipande kwa utaratibu anaoujua mwenyewe, na kupitisha kalamu juu ya kila herufi. Aliona penseli inafifia mwaka hadi mwaka, naye hakuwa tayari kuiacha ipotee.

“Siku hiyo nilikuwa nakatazwa hata kupiga chafya,” fundi alisema.

“Na ulipiga.”

“Mara moja, mama. Nina miaka hamsini na kitu sasa.”

“Mkate ukaruka mpaka chini ya kabati.” Alimaanisha kipande kinachotaja mkate, kila kimoja alikuwa amekipa jina lake. Kalamu aliyotumia ni ile iliyokuwepo nyumbani. Kijani ni cha mwaka ambao mtoto aliipoteza ya bluu shuleni. Kile kipande cha koti hakukisubirisha mwaka. Alikitoa kila alipotaka kukitoa, na kila alipokitoa alikipitishia kalamu.

Niliandika hayo yote. Halafu nikawaeleza kanuni, ambayo si yangu. Mkuu wa idara yetu tunamwita Kanuni. Mwenyewe anajua, na nadhani jina halimuudhi. Kanuni hakubali karatasi yoyote iingie katika jalada la mateka wa vita mpaka ithibitike kwamba ni mkono wa mateka huyo. Ana sababu nzuri. Vita vile vilipokwisha, watu wengi waliandika kumbukumbu za mapigano ambayo hawakuyaona hata kwa mbali.

“Kwa hiyo mtazikwangua?” bibi aliuliza.

“Hapana. Tutazipiga picha.”

Yapo mambo mawili ambayo sikuyasema siku hiyo, kwa sababu hakuniuliza. La kwanza ni kwamba penseli haififii. Ni kaboni, mwanga hauiwezi na miaka haiiwezi. Kinachobadilika ni karatasi. Ya mfuko wa saruji ina asidi nyingi, inazidi kuwa ya kahawia kila mwaka, mpaka kijivu cha penseli kinamezwa. Bibi alidhani herufi zinaondoka, kumbe karatasi ndiyo iliyokuwa ikizifuata kwa weusi. La pili ni kwamba kitu kinachoiondoa penseli ni msuguano: kidole, mkono wa nguo, ncha ya kalamu.

*

Kamera yetu ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, huona kwa namna nyingine. Chini ya mwanga wake, wino wa kalamu nyingi za dukani huwa kama maji, picha inapita tu. Kaboni hubaki nyeusi. Kazi ya kupiga na kusafisha picha ilinichukua wiki nzima, kisha nikawaita.

Nilimketisha bibi mbele ya skrini, karibu kiasi kwamba pumzi yake iliacha ukungu kwenye kioo. Nikakuza picha ya kwanza mpaka kila herufi ikawa na ukubwa wa sahani. Wino wake haukuwepo. Palikuwa na mistari ya kijivu, iliyoinama kulia, ya mtu anayeandika akiwa amebana kitu kwenye goti.

Bibi alinyoosha kidole akaifuata herufi ya k: mstari wa kusimama, kisha mkato mmoja mfupi ambao haukufika kwenye ule mstari.

“K yake,” alisema. “Ina mguu uliovunjika. Nilikuwa namwambia, nani kakufundisha kuandika hivi? Anasema, nilikuwa nakimbizwa.”

“Alikimbizwa na nani?” nikauliza.

“Na mwalimu. Alikuwa mtundu kama huyu hapa.”

“Sasa mimi nimeingiaje?” fundi akasema, lakini sauti yake haikuwa ya utani, na macho hakuyaondoa kwenye skrini. Alikuwa hajawahi kuuona mwandiko wa baba yake. Alichokuwa anakiona miaka yote ni wino wa mama.

Tulivipitia kimoja kimoja, nami nikasoma kwa sauti. *Mkate mmoja, watu sita. Anayekata ndiye anayechagua wa mwisho. Leo nimekata mimi.* Kingine: *Fundi viatu amekufa. Viatu vyake amevaa kinyozi. Vinambana, lakini amevaa.* Kingine, kirefu zaidi, kiligawa siku ya kazi: theluthi mbili ni kubeba, kukoroga na kumwaga, na theluthi iliyobaki akaiita kusimama. Hakulalamika mahali popote. Aliandika kama mtu anayejaza ripoti ya zamu.

Ukiacha kile cha koti, mke alitajwa mara moja tu. *Mlinzi mfupi ameuliza kama nina mke. Nimesema sina.*

“Baba alikukana, mama,” fundi alisema.

“Alinificha,” bibi akajibu, papo hapo, kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi, na muulizaji ni yeye mwenyewe.

Vipande kumi na nane vilikuwa na penseli chini ya wino. Maneno ya penseli na maneno ya wino yalilingana. Mahali pachache tu bibi alikuwa ameongeza nukta. Nilipofika cha kumi na tisa sikukikuza. Nilikiweka kama kilivyo, na kilikuwa kitupu. Ilionekana karatasi tu, nyuzi zake, na mifereji iliyochimbwa na kalamu.

“Umekosea kitufe,” bibi alisema.

“Sijakosea, bibi. Nimeipiga mara kadhaa, mbele na nyuma.”

“Basi rudia. Zile kumi na nane umeziona, hii ya koti uikose? Ziliandikwa na mtu mmoja!”

“Penseli haipo.”

“Imekwenda wapi?”

Fundi alinitazama na kutikisa kichwa kidogo, pembeni ya macho ya mama yake. Nilielewa alichokuwa akiomba. Lakini bibi alikuwa ameuliza, na jibu lilikuwepo.

“Penseli haifutiki yenyewe,” nilisema. “Inafutwa na kushikwashikwa na kupitishiwa kitu juu yake. Zile nyingine umezishika mara moja kwa mwaka. Hii umeishika zaidi.”

Akauliza, akiwa ameelekea skrini na si mimi, “Kwa hiyo ningeziacha zilale kwenye kopo?”

“Zingekuwepo zote.”

“Na hii?”

“Kama iliandikwa kwa penseli, na hii pia.”

Fundi alikwenda kusimama kwenye sinki akafungua bomba, akalifunga. Bibi alitoa leso lakini hakuitumia. Aliikunja mara nne juu ya goti, akainyoosha, akaikunja tena.

“Umesema kama,” aliniambia.

*

Nilikuwa nimesema kama. Neno hilo ndilo lililokuwa limebaki la kufanyia kazi.

Wino ulikuwa wa bibi, hilo halikuwa na mjadala. Swali ni kama kalamu yake ilifuata herufi za mtu mwingine au ilizianzisha. Ukifuata mwandiko wa mwenzio, unabeba umbo la mkono wake. Ukiandika chako, umbo ni lako. K ya kipande cha koti ilikuwa na mguu uliovunjika, na maandishi yaliinama kulia. Ingetosha kuonyesha kwamba mwandiko wa kawaida wa bibi hauko hivyo, na Kanuni, ambaye ni mkali lakini si mkaidi, angekubali. Nilikuwa na matumaini, na matumaini yangu yalikuwa na msingi: fundi alikuwa ameniletea picha yake ya utotoni, na nyuma yake mama aliandika, baba akiwa bado hai, *Mtoto kaanza kusimama*. Mwandiko wa duara, umenyooka, k imefungwa vizuri kama mlango.

Nilihitaji mwandiko wake wa sasa, nao ulingane na ule wa picha. Nikampa karatasi nyeupe na kalamu.

“Niandike nini?”

“Chochote, bibi. Hata vitu vya kununua sokoni.”

“Sokoni siendi tena, ananiletea huyu, na analeta vitunguu vilivyooza.”

“Mama, vitunguu vya juzi vilikuwa vizuri.”

“Vya juzi.” Akainama karibu kabisa na karatasi, akaandika polepole. Mkono ulimtetemeka mpaka kalamu ilipogusa karatasi, hapo ulitulia. Alinipa karatasi bila kuisoma.

*Koti nililiuza kabla hajarudi. Tulikuwa hatuna kitu. Aliporudi hakuuliza.*

Nilisoma maneno mara moja, kisha nikaacha kuyasoma nikaangalia herufi, kwa kuwa ndizo nilizoziomba. Ziliinama kulia. K ya *koti* ilikuwa na mstari wa kusimama, kisha mkato mmoja mfupi usiofika.

Nilitoa ile picha ya utotoni nikaiweka pembeni yake. Fundi alikuja akainama begani kwangu. Hakuhitaji kuelezwa.

“Huu si mwandiko wa mama,” alisema.

“Ndio wake sasa.”

Zaidi ya miaka hamsini alikuwa amepita juu ya mkono wa mumewe, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kabisa. Hakuwa na mwandiko mwingine wa kuandikia. Kama angefuata herufi za mumewe, zingetoka hivi. Kama angezianzisha yeye, zingetoka hivi hivi. Nilirudi kwenye kipande kwa kioo cha kukuzia, nikitafuta tabaka la chini kabisa la wino, la siku ya kwanza, kabla mkono haujabadilika. Tabaka zilikuwa zimeungana. Kalamu ilikuwa imechimba mpaka nusu ya unene wa karatasi.

Nilimpelekea Kanuni yote. Alisoma kwa makini, kama kawaida yake.

“Unaamini ni ya mateka?” aliuliza.

“Sina ushahidi kwamba ni yake. Sina ushahidi kwamba si yake.”

“Basi unajua.”

“Najua.”

“Anaweza kuiacha kwenye vinginevyo,” alisema, yaani kabati la karatasi ambazo mwandishi wake hakuthibitika, na akaongeza, kwa upole nisioutarajia, “Mwambie ni kabati zuri.”

Bibi hakulitaka kabati zuri. Alisaini karatasi za kukabidhi vipande kumi na nane, kwa k yenye mguu uliovunjika, na cha kumi na tisa akakirudisha kwenye kopo.

“Kama si yake, mnataka ya nini?” aliniuliza. “Na kama ni yake, haikai na vinginevyo.”

Nilimwekea kipande ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Nikamwambia kiwekwe mahali pakavu, pasipo mwanga, na kisipitishiwe kalamu tena hata mara moja.

“Nani atakipitishia?”

“Hakuna mtu, bibi. Hakihitaji.”

“Mwanangu,” alisema, akivuta ule mpira juu ya kopo, “hicho ndicho kimoja nilichobaki nacho, na unaniambia nikiangalie tu.”

*

Fundi alirudi peke yake mwaka uliofuata. Aliangalia dari, kisha akaketi pale mama yake alipoketi. Nikampa pole. Alisema mama yake alikufa akiwa usingizini, na kwamba watu husema hivyo kufarijiana tu, lakini safari hii ilikuwa kweli, kwa sababu yeye alikuwepo.

Akafungua lile kopo, akatoa bahasha.

“Alikuwa anaendelea?” niliuliza.

“Kila siku. Nilificha kalamu zote za nyumba nzima. Akachukua ya mwanangu, ile ya kung’aa, ya waridi. Alikuwa haoni kitu, dada. Anapapasa mfereji kwa ukucha, halafu anaingiza kalamu.”

Kipande kilikuwa kimetoboka kwenye mstari wa kwanza, na kilikuwa kimechanika kutoka hapo hadi ukingoni. Wino wa waridi ulitembea juu ya ule wa zamani na kutoka nje yake. Neno *usiliuze* lilikuwa halisomeki. Neno *nikirudi* lilisomeka nusu.

Nilikikarabati mbele yake. Alitaka kuona. Nilikilowesha kwa unyevu kidogo ili kilegee, nikazirudisha kingo za mchaniko zikutane, nikapaka gundi ya ngano kwa brashi ya nywele chache, nikalaza juu yake karatasi nyembamba inayopitisha macho, kisha uzito. Wino sikuugusa, hata wa waridi.

“Sasa kinakwenda wapi?” aliuliza wakati kinakauka. “Vinginevyo?”

“Hapana. Nimezungumza na mkuu.”

Nilikuwa nimemwambia Kanuni kwamba tumekuwa tukiuliza swali ambalo karatasi haiwezi kulijibu, wakati lipo moja ambalo inalijibu. Wino ni wa nani? Wa mke. Hilo limethibitika kuliko kitu chochote katika lile jalada la mateka. Kanuni alifikiri, akauliza kama kuna karatasi nyingine ya mkono wake, kwa kuwa jalada la karatasi moja linamuudhi. Nikamwambia ipo.

Kwa hiyo bibi ana jalada lake, kwa jina lake kamili. Lina karatasi mbili na picha moja ya mtoto. Limepewa namba inayofuata ile ya mumewe, na rafuni majalada hayo mawili yamesimama yamegusana. Katika maelezo ya kile kipande niliandika: *Karatasi ya mfuko wa saruji. Penseli haionekani. Wino, tabaka nyingi, mkono wa mke.*

Fundi alizisoma zile karatasi mbili zikiwa zimelazwa pamoja mezani, ya koti lisiuzwe na ya koti lililouzwa. Alizisoma zaidi ya mara moja.

“Sasa niambie wewe,” alisema. “Si idara. Wewe. Hii ya kwanza aliiandika nani?”

“Sijui.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo, kaka.”

Alitikisa kichwa kwa muda, si kwa kunilaumu. Kisha akauliza kama idara inalihitaji lile kopo. Nikasema hatulihitaji. Akalichukua, akajaribu kifuniko, akasema bado kinashika vizuri, atalitumia kuwekea skrubu zake za kazi.